Mifupa na Misuli Baada ya Kiharusi: Kinacholinda na Kinachomaliza Fedha

Familia inayomuuguza mtu aliyepata kiharusi huishi na hofu moja kubwa, nayo ni kwamba kiharusi kitarudi tena. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu dawa za shinikizo la damu hazipaswi kukosekana nyumbani. Hata hivyo, ipo hatari nyingine isiyozungumzwa sana, ambayo hujitokeza miezi kadhaa baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali. Mgonjwa ameanza kujikongoja kutoka chumbani hadi uani. Siku moja anateleza kwenye sakafu yenye maji, anaangukia upande ule ule uliodhoofika, na nyonga inavunjika. Nafuu iliyopatikana kwa miezi mingi inapotea kwa dakika moja.

Tafiti zilizofanywa katika nchi za Ulaya zimeonesha kwamba hatari ya kuvunjika nyonga kwa mtu aliyepata kiharusi ni mara mbili hadi nne ya ile ya mtu wa umri wake ambaye hajaugua. Mara nyingi mfupa unaovunjika ni wa upande dhaifu. Nasi hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa la mbali. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kuzingatia tofauti za umri, kwamba kwa kila watu 100,000 walikuwapo wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa mwaka katika Hai na 316 katika Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi kile cha nchi nyingi zilizoendelea.

Palipo na wagonjwa wengi na hofu nyingi, pana pia bidhaa nyingi. Mtumiaji huuziwa vidonge vya mifupa, unga wa misuli, mafuta ya kuchua na dawa za kunywa zinazodaiwa kurudisha nguvu. Makala haya yanakusudia kumsaidia mtumiaji kujua mambo mawili: kitu gani hasa huilinda mifupa na misuli baada ya kiharusi, na fedha ya familia itumike wapi kwanza.

Kwa nini mifupa na misuli hudhoofu

Mfupa ni kiungo kilicho hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo ya mfupa uliochakaa na kujenga mpya mahali pake. Ujenzi huo hufuata kazi. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba: ukielemewa kwa kiasi huimarika, usipobeba kitu hupungua. Wanaanga ni mfano ulio wazi. Wanapokaa angani, mahali ambapo mwili hauna uzito, mifupa yao ya nyonga hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, ingawa ni watu wenye afya njema na wanakula vizuri.

Mtu aliyepata kiharusi hupatwa na jambo linalofanana na hilo, lakini kwa upande mmoja wa mwili. Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au kwa sababu umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na upande wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa hiyo udhaifu hujitokeza upande mmoja. Amri ya ubongo isipoifikia misuli, misuli haivuti mfupa. Mgonjwa akisimama, huegemea mguu wenye nguvu, na ule dhaifu hubaki bila mzigo. Upungufu wa mfupa huenda kasi zaidi katika miezi ya mwanzo na kuendelea katika mwaka wa kwanza, na kwa kawaida mkono hupoteza zaidi kuliko mguu.

Misuli nayo hupungua kwa kasi. Hata mtu mzima wa afya akilazwa kitandani kwa wiki chache hupoteza sehemu ya misuli ya mapaja. Kwa mgonjwa wa kiharusi, kulala, kula kidogo kwa sababu ya shida ya kumeza, na umri mkubwa hufanya kazi kwa pamoja. Misuli ikipungua, mtu huanguka kwa urahisi. Mfupa ukipungua, anguko dogo huvunja. Kwa sababu hiyo viungo hivi viwili havifai kutibiwa kana kwamba havihusiani.

Somo kutoka katika tafiti zilizobatilishwa

Muuzaji anaposema kwamba kidonge fulani kimethibitishwa na wanasayansi kulinda mifupa ya wagonjwa wa kiharusi, mtumiaji anahitaji kuifahamu historia moja.

Mwaka 2005 jarida maarufu la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa daktari wa Japani aitwaye Yoshihiro Sato na wenzake. Utafiti huo ulidai kuwa wagonjwa 628 waliopata kiharusi walifuatiliwa kwa miaka miwili, na kwamba waliopewa vitamini mbili za kundi B, yaani foleti na aina ya vitamini B12, walivunjika nyonga kwa idadi ndogo sana kuliko wenzao. Tafiti nyingine za daktari huyo zilitoa matokeo mazuri vivyo hivyo kuhusu dawa za mifupa na vitamini nyingine. Watafiti wa New Zealand na Uingereza walipozichunguza, waliona takwimu ambazo ni vigumu kutokea katika hali halisi. Mwaka 2016 JAMA liliubatilisha utafiti ule kwa sababu ya ukiukwaji wa maadili ya utafiti, na makumi ya kazi nyingine za Sato zilibatilishwa na majarida mbalimbali.

Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa. Sehemu muhimu ya ushahidi uliotumiwa kusema kwamba vidonge hupunguza kuvunjika kwa mifupa kwa wagonjwa wa kiharusi imeondolewa. Kilichobaki ni cha wastani zaidi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu wazima zaidi ya 25,000 ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, vitamini D ya kila siku haikupunguza idadi ya waliovunjika mifupa. Hii haimaanishi kwamba vitamini D na kalsiamu, ambayo wengi huiita madini ya chokaa, hazina kazi. Mtu mwenye upungufu anazihitaji, na mgonjwa anayekaa ndani siku zote yumo katika hatari ya upungufu wa vitamini D. Ila kumjazia asiyepungukiwa hakumwongezei ulinzi, na hakuna kidonge kinachoufanya mfupa usiobebeshwa mzigo uwe imara.

Mazoezi: dawa inayopuuzwa

Zamani iliaminika kwamba mazoezi ya nguvu yangezidisha kukakamaa kwa misuli ya upande uliopooza. Tafiti za miaka ya karibuni hazikuthibitisha hofu hiyo. Mwongozo wa vyama vya Marekani vya moyo na kiharusi wa mwaka 2014 unapendekeza mazoezi ya nguvu siku 2 hadi 3 kwa wiki, kila zoezi likirudiwa mara 10 hadi 15, kwa mizunguko 1 hadi 3, pamoja na mazoezi ya mwendo kama kutembea siku 3 hadi 5 kwa wiki, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Kuanza mapema ni vizuri, lakini kuna mpaka. Utafiti uitwao AVERT, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano na kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba kumsimamisha na kumtembeza mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu kuanzia saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Siku za mwanzo, basi, ni za kufuata maelekezo ya wataalamu wa wodi. Ndugu wasimlazimishe mgonjwa kutembea kwa kudhani wanamsaidia.

Mgonjwa akishatulia, na daktari akiwa ameridhika na shinikizo la damu, zoezi lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kuketi na kuinuka:

1. Weka kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukigusa ukuta. Msaidizi asimame upande dhaifu wa mgonjwa.
2. Mgonjwa aketi mbele kidogo, nyayo zote mbili zikiwa chini, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti.
3. Aelekeze kifua mbele, kisha ainuke huku uzito ukishuka katika miguu yote miwili. Hapa ndipo penye kiini cha zoezi: akiinuka kwa mguu mmoja tu, mfupa wa upande dhaifu haupati kazi yoyote.
4. Aketi polepole bila kujiangusha, akiendelea kupumua kawaida. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu.

Aanze na idadi anayoimudu, hata kama ni mara tatu, na kuongeza kidogo kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Aache na kutafuta huduma iwapo atapata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, au dalili mpya za kiharusi kama mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotamkika.

Mkono dhaifu unahitaji uangalifu wa pekee. Msaidizi asimwinue mgonjwa kwa kuuvuta mkono huo, kwa kuwa misuli inayolishikilia bega imelegea na bega linaweza kuteguka. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha mgonjwa namna ya kuuegemeza mkono juu ya meza ili mifupa yake ibebe uzito kwa usalama. Kama fedha inatosha kwa jambo moja tu, ziara chache za kufundishwa na mtaalamu huyo, kisha mazoezi kuendelea nyumbani, zina faida kuliko makopo ya virutubisho ya miezi kadhaa.

Chakula na jua

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mwanamke aliyezidi miaka 50 na mwanamume aliyezidi miaka 70 wanahitaji takriban miligramu 1,200. Kikombe cha maziwa au mtindi hutoa karibu miligramu 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na kuoshwa vizuri, kwa kuwa chumvi hupandisha shinikizo la damu. Supu ya mifupa au makongoro husifiwa sana, lakini kalsiamu inayotoka mfupani na kuingia katika mchuzi ni kidogo, ilhali chumvi na mafuta vinaweza kuwa vingi.

Misuli hujengwa kwa protini. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 60 hadi 72, nazo zinapatikana katika maharage, kunde, samaki, mayai na maziwa vikigawanywa katika milo yote ya siku. Yai moja lina takriban gramu 6. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari. Mgonjwa anayepaliwa anapokula apimwe kwanza uwezo wake wa kumeza, maana chakula kikiingia katika njia ya hewa huleta homa ya mapafu.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopata jua. Nchi yetu ina jua la kutosha, lakini halimfikii mtu anayeshinda chumbani, na kioo cha dirisha huzuia mionzi inayohitajika. Mgonjwa atolewe nje muda mfupi kila siku, jua likiwa limepanda kiasi na bado si kali, uso na mikono vikiwa wazi, naye awe na maji ya kunywa. Mtu mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika mwili mzima huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa asiyeweza kutoka, daktari anaweza kushauri kidonge; kiasi cha kawaida kwa watu wazima ni yuniti 600 hadi 800 kwa siku. Dozi kubwa bila kipimo wala usimamizi zinaweza kudhuru, na kalsiamu ya ziada huweza kuleta mawe katika figo.

Nyumba salama na fimbo sahihi

Kuzuia anguko moja ni sawa na kuokoa mfupa mmoja. Ondoa mikeka na mazulia yanayokunjamana. Futa maji sakafuni mara yanapomwagika. Mgonjwa avae viatu vinavyoshika kisigino. Kandambili huponyoka mguuni, hasa katika mguu wenye ganzi. Kanga au shuka lisiburute chini. Weka taa au tochi karibu na kitanda kwa safari ya usiku ya chooni. Penye choo cha kuchuchumaa, tengeneza kiti chenye tundu na ufunge nguzo ya kushikia ukutani.

Unaponunua fimbo ya kutembelea, ambayo nayo ni kifaa tiba, zingatia yafuatayo:

- Urefu: mgonjwa akisimama wima na mikono ikining'inia, mshiko wa fimbo uwe sawa na kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kikunjike kidogo.
- Ncha: iwe na mpira mzima wenye mikwaruzo. Mpira uliolika na kuwa laini ubadilishwe.
- Upande: fimbo hushikwa kwa mkono wenye nguvu. Wengi huipeleka upande dhaifu na kuanguka.
- Ngazi: wakati wa kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia, wakati wa kushuka, mguu dhaifu hutangulia.

Dawa zinazohitaji tahadhari

*Dawa za maumivu na "dawa za mitishamba" zinazotuliza haraka.* Mamlaka za udhibiti katika nchi nyingi zimewahi kugundua bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo huku zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani, zikiwamo za kundi la steroidi kama deksamethasoni. Mtumiaji huona nafuu ya ajabu ndani ya siku chache. Kwa matumizi ya muda mrefu steroidi hudhoofisha mifupa na misuli, hupandisha shinikizo la damu na sukari, na kuziacha ghafla ni hatari. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda amwone daktari kabla ya kuacha. Diklofenaki nayo, ingawa ni ya kawaida madukani, huongeza hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Mtu aliyewahi kupata kiharusi asijinunulie.

*Dawa za kuimarisha mifupa.* Daktari anaweza kuandika alendronati. Dawa hii humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa hukaa au kusimama wima kwa dakika zisizopungua 30. Ikikwama huunguza umio. Mwenye shida ya kumeza au asiyeweza kukaa wima amwambie daktari kabla ya kuianza.

*Dawa nyingine.* Anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula wala kuongeza mitishamba bila ushauri. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitali zikitumika kwa muda mrefu hupunguza vitamini D mwilini. Dawa za usingizi huongeza maanguko. Za shinikizo la damu zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka, hivyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Asiache dawa yoyote kwa hiari yake. Alete malalamiko kliniki.

*Kuchua na kukanda.* Upande wenye ganzi hauhisi joto. Maji ya moto na taulo za kukandia zimewaunguza wagonjwa wasioweza kusema kuwa wanaungua. Msaidizi apime joto kwa mkono wake mwenyewe.

Mgonjwa akianguka

Usimwinue kwa haraka. Mguu ulioonekana kufupika na kugeukia nje, au maumivu makali ya kinena, ni dalili za nyonga kuvunjika. Asichuliwe wala kunyooshwa, apelekwe hospitali. Kumbuka kuwa mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuongea hataeleza maumivu, hivyo mwangalie uso wake na namna anavyokataa kusimama. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Kabla ya kulipa

Jiulize maswali manne. Je, daktari amepima au amekadiria upungufu ambao bidhaa hii inauziba? Je, lebo inaonesha jina na anwani ya mtengenezaji, viambato na kiasi chake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi? Je, muuzaji anaahidi kuponya kiharusi, au anakushauri uache dawa za hospitali? Je, fedha hiyo ingetosha fimbo, viatu, nguzo ya chooni au nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia? Ahadi ya kuponya ni sababu tosha ya kutonunua.

Nunua dawa katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, na udai risiti. Tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba nchini Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango. Ukiona bidhaa yenye madai ya kutilia shaka, au mgonjwa akipata madhara baada ya kuitumia, hifadhi kifungashio na risiti, kisha toa taarifa katika kituo cha afya au ofisi ya mamlaka iliyo karibu nawe. Taarifa yako inaweza kuizuia bidhaa hiyo isimfikie mgonjwa wa nyumba ya pili.